Ng'ombe Niliyempata kwa Madai

Jumatano, Kabasa.

Nimeshinda, na bado nimenuna. Kwenye kesi ya wizi wa ng'ombe, hakimu alimwachia jirani yangu Magesa kwa sababu ushahidi wangu uliacha shaka. Leo, kwenye kesi ya madai, ng'ombe yule yule nimepewa mimi. Eti inaelekea zaidi kuwa ni wangu.

Kwa hiyo Magesa si mwizi, na ng'ombe si wake.

Mke wangu anasema, "Ndama wetu aliyepotea alikuwaga na baka jeupe usoni. Ni huyu." Ndama wenye baka ni wengi.

Jioni nilimfungua ng'ombe, akaenda moja kwa moja kwa Magesa. Nikamfuata.

"Mzoeshe polepole," Magesa akasema, akanipa kamba.

Uhakika nilio nao unatosha kukamua maziwa. Kumpeleka mtu jela hautoshi, na mimi ndiye niliyeomba apelekwe.