Nduaro wa mgeni

Leo Jumanne, tarehe 14 Oktoba, nimeharibu kazi, ndugu yangu Hafidh. Nacheka mpaka mbavu zaniuma!

Mgeni wetu wa boti, bibi wa kizungu, kavutana na nduaro saa nzima. Samaki wa pua kama mkuki, mrefu kunishinda! Kafika ubavuni mwa boti, mie n'kamtia rungu la kichwa. Kafa papo hapo.

Kumbe wageni hawa humpiga picha wakamwachia! Wakamwachia, Hafidh! Nduaro!

Meneja wa boti kanipigia kelele, "Mzee Ngwali, umeua!" Nimeua? Samaki? Mbona asubuhi hakuniambia? Wakubwa hawa wanajua kuvaa kofia tu.

Mgeni kalia, kisha kacheka, kasema basi tumle. Marehemu mke wangu angelicheka mpaka akae chini.

Meneja kala vipande vitatu. N'kamuuliza, "Kesho nije kazini?" Mdomo umejaa, kanyosha mkono kachukua kipande cha nne. Nende, nisende?