Taa Tuliyoizunguka

Miburani, Mafia
Jumapili

Kaka Abeid,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama goti linamuuma bado, lakini anatembea hadi kisimani na kurudi. Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatisha kwa utani wako, nami ningeona afadhali ninyamaze.

Nataka kukuelezea ule usiku wa mashindano ya mwaka jana. Najua hupendi kuusikia. Nivumilie.

Unakumbuka nilivyokuacha nikaenda kuwa baharia wa Mzee Mkadam. Nilikuambia mtu wake anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa, ila pia nilikuwa nimechoka kuwa mchota maji kwenye mashua yako. Tulikuwa watatu tu. Mzee ameshika usukani, Kheri yuko nyuma ya tanga na kamba zake, mimi mbele natazama njia. Tuliondoka baada ya swala ya Isha, vyombo vyote pamoja, kwenda kulizunguka boya lenye taa nyeupe nyuma ya Bwejuu na kurudi Kilindoni. Saa tano ukatupita. Nilisikia sauti yako gizani ukiniuliza kama nimeshalowa suruali. Kheri alicheka sana. Mimi sikucheka.

Kama saa saba hivi nikaona taa nyeupe, nikapiga kelele kwamba boya ndilo hilo. Mzee akageuza chombo kwa neno langu, maana macho yake usiku, unajua mwenyewe. Tulipopita karibu nikaona nyavu, na watu wawili wamejifunika shuka. Kumbe ni wavuvi wa dagaa, wale wanaopiga kambi za dago, na taa yao ya kuvutia samaki. Boya letu lilikuwa bado mbali mbele. Kheri tanga lilimziba. Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga, tukaizunguka taa ile na kurudi.

Tukafika kabla ya adhana ya alfajiri. Wewe uliingia wa pili, jua limeshatoka. Kwetu kwenye boya hakai msimamizi, kauli ya nahodha inatosha. Basi Mzee Mkadam akasimama mbele ya watu akaapa kwamba taa ameizunguka, nami niko ubavuni kwake nimeshika ndoo. Miaka ishirini anashindana hajapata hata kofia, siku ile akapewa mashine ya boti. Wewe wakakutania pwani wiki nzima kwamba mkono umekufa, hadi ukauza mashua, na leo unapakia chumvi kwenye malori ya watu huko Kilwa.

Muda wote huu nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia mzee. Uongo, kaka. Nilitaka siku moja nifike mbele yako. Tangu nizaliwe naitwa mdogo wake Abeid, na usiku ule niliona nafasi nikaichukua.

Jumatano nilikwenda kumweleza Mzee. Nilidhani atanipiga. Aliuliza kama Kheri anajua, nikamjibu hajui. Kisha akasema, "Kiapo nimekula mimi, nitakitengua mimi. Wewe mwandikie kaka yako."

Ijumaa baada ya swala akawaomba watu wasitawanyike. Akasema aliyeshinda ni Abeid, na kwamba yeye, nahodha, ndiye aliyekosea taa. Nilisubiri anitaje. Hakunitaja, akaketi. Nikasimama mimi, nikayasema yote kama nilivyokuandikia hapa.

Mashine Mzee amekuletea, iko uani kwetu, imefunikwa turubai. Mashua huna tena, na mimi ndiye niliyekufanya uiuze. Sikuombi unisamehe upesi. Naomba uje unigombeze nikiwa mbele yako.

Mzee Mkadam anakusalimu, Kheri pia. Mama anakusalimu sana. Mimi tangu Ijumaa hasemi nami. Chakula ananipa kwa mkono wa mdogo wetu Nasma.

Ni mimi mdogo wako,
Omary