Yaya, Wamelibadilisha Jaribio la Watoto

Yaya Julienne, dada yangu mkubwa,

Leo jua limetoka, nimefungua dirisha la jikoni, nikashika simu nikupigie. Mkono ulishafika kwenye namba ndipo nikakumbuka kwamba hutapokea tena. Bon. Basi naandika, na nianze na lile kubwa: wamekubali. Lile jaribio moja la kupima akili walilokuwa wakiwapa watoto wote wa shule za serikali, wamelibadilisha. Shule zetu za hapa Saint-Gilles ndizo za kwanza.

Sijasahau siku niliyokuja saluni kwako, karibu na Porte de Namur, nimemshika binti yangu Grâce mkono. Alikuwa ametoka Bukavu wakati wa baridi, Kifaransa chake bonjour na merci tu. Asubuhi ile walimwingiza chumbani na Madame Claire, yule mpimaji mwenye saa ya kuhesabu sekunde. Picha, maswali, upesi upesi, yote kwa Kifaransa. Mtoto akainamisha macho, kama tunavyowafundisha mbele ya mkubwa, akanyamaza. Kisha nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba akili yake ni nzito, mwaka unaofuata aende shule ya watoto wenye matatizo.

Ulikuwa unasuka kichwa cha mtu. Uliacha nywele zikining'inia.

"Grâce? Huyu mutoto mwenye ananishindaka mu karata kila Jumapili?"

Nilicheka huku nalia. Wewe hukucheka. Tangu siku ile kila mama aliyekaa kwenye kiti chako ulimuuliza habari za watoto wake shuleni, na mmoja baada ya mwingine walikuwa na hadithi kama yangu. Kisha ukawafuata Wamoroko na Waturuki wa mtaani kwetu. Ni vilevile. Ndipo ulipomwomba mkurugenzi wa shule akutane na wazazi.

Siku ya mkutano mimi nilikaa nyuma yako, nimejificha kwenye koti. Ulisimama, hukumtukana mtu. Uliomba kitu kimoja tu: Grâce apimwe tena, na mama yake mkubwa, yaani wewe, akae kando amtafsirie. Nilidhani Madame Claire atakasirika. Lakini alisema mbele ya wote kwamba kwa miaka mingi jambo hilo linamkosesha usingizi, ila sheria ya jaribio ilimkataza kumsaidia mtoto hata kwa neno.

Halafu siku ya kupimwa tena, ile picha ya mwavuli, Yaya! Mtu amefungua mwavuli juani, mtoto aseme kosa liko wapi. Grâce, macho bado chini, akasema hakuna kosa, maman huyu anajikinga jua asiungue. Ulipomtafsiria, Madame Claire aliangalia karatasi yake, ambayo ilitaka jibu lingine, akacheka, akaitia ile saa mfukoni. Haikutoka tena mpaka mwisho. Ulinisimulia hayo ukipiga meza kwa furaha.

Grâce akabaki shuleni. Wengine wangeishia hapo. Wewe na Madame Claire mlianza kwenda kwa wakubwa wa elimu, ofisi hadi ofisi. Ugonjwa ukaja, wewe ukaendelea kwenda. Mara ya mwisho ulivaa kitambaa cha bluu kichwani, wewe fundi wa nywele usiyekuwa na nywele tena, ukaniambia: "Usiniangalie hivi. Leo niko na kazi."

Ulituacha kabla jibu halijafika. Hilo bado linaniuma, siwezi kukudanganya.

Sasa sikia. Mtoto mgeni hapimwi tena mpaka akae shuleni mwaka mzima akijifunza Kifaransa. Akipimwa, anakaa na mtu anayejua lugha ya kwao. Na karatasi peke yake haiwezi tena kumhamisha: lazima mwalimu wake asikilizwe, na mzazi pia. Wanasema utaratibu huu unajaribiwa kwetu kwanza, sehemu nyingine zinangoja kuona. Lakini limeanza, Yaya. Limeanza kweli.

Grâce amepanda darasa. Tukipita barabara ya Chaussée d'Ixelles anasoma kila bango kwa sauti, na mimi ananisahihisha Kifaransa mbele za watu. Saluni ameichukua Clémentine, msaidizi wako. Hajabadilisha kitu, redio inalia vilevile.

Mimi wameniita niwe nakaa na watoto wanaosema Kiswahili. Wiki iliyopita alikuja binti wa Uvira, mwembamba, macho chini. Nilimwambia, "Sema tu, mama. Sema vile unasemaka nyumbani." Akaanza kusema, akasema mpaka Madame Claire akamwomba apumzike kidogo! Mama yake alikuwa anangoja nje. Aliniuliza ni nani aliyeleta wazo hili. Nikamtajia jina lako, akalirudia polepole ili asilisahau.

Sehemu nyingine zitafanya mkutano wao shule zikifunguliwa. Wanataka mzazi mmoja azungumze, na Madame Claire amenitaja mimi. Unanijua, mbele ya watu maneno yananikauka mdomoni. Nakuahidi hata hivyo: nitasimama. Sauti itatetemeka, lakini sitakaa chini mpaka niwe nimemaliza.

Pumzika, yaya wangu. Kazi sasa iko kwetu.

Mdogo wako,
Espérance