Maiki Inayosikia Pande Mbili

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Najua barua hii utasomewa na Tumaini, kwa hiyo wewe Tumaini mdogo wangu, kaa vizuri, soma polepole, na usiruke sehemu yoyote ukidhani haina maana. Mama, goti linaendeleaje na baridi ya huko kwetu? Mvua je, zimeacha migomba imesimama? Mimi binti yako ni mzima kabisa. Vumbi la Dodoma nimeshalizoea, maji ya chumvi nimeshayazoea, na shuleni Miyuji watoto wananipenda hata wale ninaowachapa kwa maneno.

Lakini leo sikuandikii habari za shule. Leo nakuandikia kwamba tumeshinda, Mama! Nimetoka kanisani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Katika barua yako ya mwisho ulinisema sana. Ulisema wasichana wenzangu wanakusanya vyombo, mimi nakusanya makopo, yaani hizi maiki zangu za zamani. Ulisema niyauze, niombe uhamisho, nirudi nyumbani nikaolewe kungali mapema. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikajiwekea nadhiri ambayo sikukuandikia: nikishindwa kurekodi kaseti ya kwaya yetu, nitafanya kama ulivyosema. Makopo yote nitamrudishia Mzee Shabani, na mimi nitapanda basi.

Huyu Mzee Shabani ndiye aliyeniharibu. Ana duka la vitu chakavu hapa Chang'ombe, jirani na ninapopanga. Siku hizi, Mama, maduka yamejaa vitu vipya kutoka Dubai, vinang'aa kama sufuria ya arusi, na kila mwenye maiki ya zamani anaitupa anunue ya plastiki. Mashirika ya umma yanauzwa, na kumbi zake zinauzwa pamoja na viti na saa za ukutani. Mzee Shabani huenda kwenye hiyo minada, na akirudi ananiita kwa uani: "Mwalimu, njoo umwone mgeni wako." Hivyo ndivyo nilivyoipata ile ndogo nyembamba kama gunzi la hindi, ile iliyotoka kwenye jumba la sinema, na mwisho kabisa ile kubwa nzito, mfalme wao, iliyotoka kwenye ukumbi wa shirika lililouzwa. Maskini, miaka yote imelishwa hotuba tu. Hakuna aliyewahi kuiimbia. Mzee Shabani alinipa kwa bei ya bure, akisema hata wa vyuma chakavu wameikataa.

Ndani ya ile kubwa mna kijikaratasi cha bati chembamba kuliko ganda la kitunguu. Hicho ndicho kinachosikia. Sasa wewe unajua watu wetu wakipewa maiki wanafanya nini: wanaipuliza kwanza, fuu fuu, halafu wanaigonga kwa kidole. Hii ukiipuliza umeiua. Kwa hiyo naificha ndani ya soksi, na soksi ndani ya kopo la maziwa. Kumbe kwa makopo hukukosea sana!

Habari yenyewe ni hii. Kwaya yetu ilitaka kutoa kaseti kama kwaya nyingine zote zinavyotoa sasa. Kamati ikasema lazima tuuze karanga zote za shamba la kwaya, twende Nairobi kurekodi. Mimi nikasimama nikasema tunaweza kurekodi hapa hapa, kwa maiki zangu na kinasa sauti cha kanisa kile cha mikanda mikubwa. Watu walicheka. Mwenyekiti, Mzee Chalo, hakucheka. Alisema, "Mwalimu, tunakupa Jumamosi moja. Ikiwa mbaya, tunauza karanga na hatutaki kusikia tena habari za maiki zako."

Jumamosi hiyo ilikuwa ya juma lililopita. Tulianza alfajiri, kwa sababu jua likipanda mabati ya kanisa yanaanza kulia ta, ta, ta, na kila kitu kinaingia kwenye mkanda. Madirisha tulifunga yote kwa ajili ya upepo. Ile ya gunzi niliifunga karibu na ngoma, ile kubwa nikaisimamisha katikati, kwaya nzima mbele yake. Mzee Chalo akaisogelea akiwa tayari amejaza pumzi mashavuni. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Alirudi nyuma, akasema "Samahani" kwa maiki, si kwangu.

Ukiwa na maiki moja tu kwa watu wengi, Mama, huna vifungo vya kupunguza huyu na kuongeza yule. Unapanga watu kwa miguu yao. Mwenye sauti ndogo anasogea karibu, mwenye sauti kubwa anakwenda mbali. Na sauti kubwa kuliko zote ni ya Mama Ndahani. Huyu ni mama mtu mzima, mkulima, mwimbishaji wetu tangu kwaya ianze, na kila siku husimama mbele katikati. Nikamwomba kwa adabu zote asimame nyuma kabisa, mlangoni.

"Mlangoni?" akaniuliza. "Kwani nimekuja kuomba maji?"

"Hapana Mama, ni kwa sababu sauti yako ni nzito, inawafunika wenzako."

Mara nilipoyasema maneno hayo nilitamani kuyameza. Nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka ile siku mwalimu wa kwaya huko nyumbani alipokuambia hivyo hivyo, tena akakuagiza uchezeshe midomo tu bila kutoa sauti. Ulirudi, ukakunja sare yako, ukaiweka chini ya kitanda. Tangu hapo sauti yako tunaisikia shambani tu. Na sasa mimi, mwanao, ndiye nimekuwa yule mwalimu.

Mama Ndahani hakubishana. Alisema, "Haya, imbeni wenyewe na kopo lenu," akapita katikati ya watu, akaipita maiki, akaenda hadi kule mbele madhabahuni kwenye viti vya wazee wa kanisa. Akakaa akitutazama, mikono kifuani. Yaani yeye yuko upande wa nyuma wa maiki, na sisi upande wa mbele.

Tukaimba bila yeye. Tulikuwa kama uji usio na chumvi. Tukarudia, ikawa vilevile. Niliona Mzee Chalo anatazama mabati juu, maana jua lilishaanza kuingia kwenye nyufa za dirisha. Kwa mara ya tatu nikawasha mkanda, na moyoni nikawa nimeshaanza kufunga mizigo yangu.

Tulipofika kwenye kiitikio, Mama Ndahani akashindwa kujizuia. Nilimwona anatikisa mguu, kisha mikono ikateremka kutoka kifuani, kisha akasimama pale pale alipo na kuachia sauti. Mama! Kanisa lilijaa. Watu walimgeukia kwa macho, na ghafla kila mmoja akaimba kama anajibu swali lake. Nilitaka kuzima, nikidhani upande ule wa nyuma hausikii na mkanda umeharibika. Mkono ukagoma kuzima. Nikaacha ukaenda mpaka mwisho, na wimbo ulipokwisha bati la kwanza likalia ta.

Tukarudisha mkanda tukasikiliza. Sauti yake ilikuwa imo, Mama, safi, haikumfunika mtu hata mmoja, imekaa juu ya kwaya kama kanga juu ya mabega. Nilidhani ni muujiza. Nikaizunguka ile maiki polepole nikihesabu moja, mbili, moja, mbili, na kusikiliza tena. Ubavuni ni kiziwi kabisa, lakini mbele na nyuma inasikia sawasawa! Nimeimiliki muda wote huo na sikujua, kwa kuwa kila aliyeiweka mezani aliisemea upande mmoja.

Nilimwendea Mama Ndahani pale madhabahuni, nikapiga magoti, nikamwomba radhi mbele ya watu. Akaniuliza, "Kwa hiyo huku upande wangu ni peke yangu?" Nikamwambia ni peke yake. Akatengeneza kilemba chake. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu."

Leo baada ya ibada kaseti imepigwa mbele ya waumini wote. Watu wamesimama, wengine wanalia, na Mama Ndahani anajisikia mwenyewe mbele ya kanisa zima huku ameziba mdomo kwa mkono. Karanga haziuzwi. Nairobi hatuendi. Mzee Chalo amenitangaza kuwa fundi wa kwaya, na kwaya moja kutoka Kolo, kule Kondoa, iliyokuwa mgeni wetu leo, imeshaomba niwaendee na "ile maiki ya Mwalimu". Mzee Shabani, ambaye ni Mwislamu safi, alikuwa amesimama nje dirishani muda wote, na sasa anasema hakuna wa kuniuzia ila yeye.

Kwa hiyo siombi uhamisho, Mama. Usinikasirikie. Huyo wa kunioa, kama yupo, aje na soksi.

Nisalimie Baba Mdogo anayetuangalizia migomba, mwambie ile redio yake aipanguse vumbi, namtumia kaseti. Msalimie Shangazi muuza maandazi wa njia panda, na jirani yetu mkunga aliyenipokea nilipozaliwa. Tumaini, wewe nakubusu.

Mama, ukimaliza kuvuna nitakutumia nauli. Tunaanza kaseti ya pili, na Mama Ndahani nimemweleza habari zako zote, hata za ile siku. Aliniuliza kama sare yako bado ipo. Basi itoe chini ya kitanda, ifue, uje nayo. Upande ule wa pili ni mpana, na amesema atasogea.

Binti yako akupendaye,
Neema