Mbegu Iliyotangaziwa Ushindi Kasekese

Shikamoo dada Neema,

Huku Kasekese mvua zimekatika, na mimi nimechemka kwa hasira. Tumevuna mashamba ya majaribio ya mbegu tatu za mahindi. Mbegu ya muuzaji mmoja imezidi zingine kidogo tu kwa wastani wa mavuno, basi akawatangazia wakulima kwamba imeshinda, wainunue! Nikamkatalia mbele za watu: "Mbegu yako hiyohiyo, shamba hili limejaa, la jirani halina kitu. Mashamba yametofautiana zaidi kuliko mbegu zenyewe. Umeshinda nini?"

Akanifokea, eti mtoto wa kike nikae chini.

Mama Kabula, aliyepanda mbegu hiyo akaambulia mabua, akasimama: "Huo wastani wako nitausonga ugali?"

Hakuna aliyenunua.

Nipakatie wanao.

Mdogo wako,
Tausi