Risasi ya Mbali na Kisu

Mjukuu wangu Rashidi,

Bibi yako amepona goti, alhamdulillahi, na anakusalimu sana. Unauliza, huko Namibia uchague risasi gani ya kuwindia mbali.

Ujanani, kabla uwindaji haujakatazwa hapa Kwale, nilichagua kubwa kuliko zote, nikamwangusha kongoni ng'ambo ya bonde. Kwa kiherehere nilisahau bismillahi, na nilipofika na kisu alikuwa ameshakufa. Kibudu hakiliwi, na nyumbani chungu kilikuwa motoni.

Baba hakunigombeza. Tulimfukia pamoja, akaniambia, "Kesho tusogee karibu, mwanangu."

Namshukuru hadi leo. Chukua ile ndogo uliyoizoea, inayokutaka usogee. Mimi tangu siku ile sikumpiga mnyama ambaye sikumwona akipumua.

Babu yako,
Mwabungo