Nilivyomwacha Mama Aingie Peke Yake

Jumanne jioni

Hata sikumsindikiza ndani. Mama alitoka kwetu Endarasha alfajiri ili niwe naye daktari akimsomea majibu ya kipimo cha titi, na mimi, binti yake wa pekee, nikakimbia.

Jina lake lilipoitwa, moyo ulianza kunienda mbio, mikono ikafa ganzi, nikaona nitaanguka mbele ya watu. Nikamwambia, "Naenda kupokea simu." Simu haikuwa imelia. Nilijifungia chooni nikihesabu pumzi mpaka mtu akabisha.

Nilipotoka, Mama alikuwa amesimama nje kwenye jua. Akaniambia majibu ni mazuri, hakuna saratani. Nililia.

"Ni nani alikuwa anakupigia?" akauliza.

Nikasema ni watu wa kazini. Uongo wa pili.

Stejini, kabla ya kupanda gari, alinishika mkono. "Wambui, hata mimi hushikwa hivyo tangu baba yako afe. Huwa naenda kukaa huko kwa ng'ombe mpaka ipite. Siku ingine uniambie tu."

Kumbe alijua. Alijua, na bado aliinuka kwenye benchi akaingia peke yake.